Usingizi, kahawa na waragi: maswali ya madereva wa Malaba

Madereva wa malori wanaovuka Malaba kwenda Kampala, na wengine hadi Elegu, huuliza sana kuhusu usingizi barabarani. Haya ndiyo yanayorudi mara nyingi.

Usingizi unatoka wapi?

Seli za ubongo hutumia nishati iliyobebwa na kemikali iitwayo ATP. Ikivunjwa, hubaki adenosini. Kadiri unavyokesha ndivyo inavyorundikana na kunasa kwenye vipokezi vyake, yaani sehemu za seli zinazoipokea. Vipokezi vya A1 hupoza seli; vya A2A huzichangamsha.

GABA nayo inahusikaje?

GABA ndiyo kemikali kuu ya kutuliza ubongo. Ikigusa kipokezi cha GABA-A, kloraidi, chembe zenye chaji hasi, huingia ndani ya seli, na seli hiyo haisisimki kwa urahisi.

Hapa soma polepole. Katika haipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo, kuna kundi la seli zinazomwaga GABA kwenye vituo vinavyotuweka macho, zikavizima. Tukiwa macho, seli hizo zenyewe hubanwa, na kinachozibana ni pamoja na GABA ya seli nyingine. Adenosini ikijaa, kupitia A1 hupunguza GABA hiyo inayobana, na kupitia A2A huamsha seli za usingizi. Kwa hiyo anayesema adenosini huongeza GABA tu, hajamaliza maelezo: pengine huipunguza, na usingizi ukaja kwa sababu hiyohiyo.

Kahawa inaondoa uchovu?

Hapana. Kafeini, kemikali ya kahawa inayotuweka macho, hukalia kipokezi cha adenosini bila kufanya kazi yake. Adenosini bado ipo, inasubiri. Robusta ya Masaka ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Mlima Elgon, na baada ya takriban saa 5 nusu yake bado imo mwilini. Kwa mama mjamzito hukaa zaidi. Macho yakianza kufumba, egesha lori mahali salama ulale.

Nikinywa waragi, kahawa itanitoa ulevi?

Haiwezi. Pombe huipa GABA nguvu zaidi kwenye vipokezi vya GABA-A, tena huzuia adenosini isirudi ndani ya seli. Kahawa huziba njia ya adenosini peke yake. Unajiona uko macho, kumbe mikono na maamuzi bado vimelewa. Dereva wa namna hiyo ananitisha kuliko anayesinzia, kwa sababu anayesinzia angalau anajua asimame.

Na diazepamu ya kulalia?

Nayo huongeza nguvu ya GABA kwenye kipokezi hichohicho cha GABA-A. Ukiichanganya na pombe, pumzi inaweza kufifia hadi kifo. Usiinunue bila kuandikiwa na daktari. Na kama umeimeza kila siku kwa muda mrefu, tafadhali usiiache ghafla, unaweza kupata degedege. Nenda kituo cha afya wakupunguzie dozi kidogo kidogo.