Mvumo wa moyo haumwondolei mbwa wako chanjo

Kila msimu wa kampeni ya chanjo ya kichaa cha mbwa, mezani kwetu hurudi maneno yaleyale: "Daktari, huyu ana moyo, asichomwe." Anayesemewa huwa ni Maltese au Chihuahua wa miaka tisa, kaviringishwa taulo, ananitazama bila wasiwasi wowote.

Ni kweli, mbwa wadogo wakizeeka vali ya kushoto ya moyo, yaani kilango cha kupitishia damu, hunenepa, haifungi sawasawa, damu inarudi nyuma. Hiyo ndiyo "fshh", yaani mvumo, tunayoisikia kwa stetoskopu, nasi huipa daraja, 1 hadi 6. Wengi huishi na mvumo miaka kadhaa bila kidonge. Dawa huanza pale eksirei au ultrasaundi inapoonyesha moyo umeanza kutanuka: utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa pimobendani, dawa ya moyo ya mbwa, ikianzwa hapo huchelewesha moyo kushindwa kwa takriban miezi 15. Kwa hiyo msiazimane vidonge na jirani, na dawa za presha za bibi mwachieni bibi.

Kazi yenu ni kuhesabu pumzi mbwa akiwa usingizini. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni moja. Hesabu sekunde 30, zidisha kwa 2, andika. Chini ya 30 kwa dakika, laleni. Ikizidi 30 na kuendelea kupanda, mleteni. Akihema kwa tumbo na ufizi umebadilika rangi, msisubiri kuche. Na awe amelala kweli! Niliwahi kuletewa hesabu ya 64, kumbe mbwa alikuwa ametoka kukimbizana na watoto uani.

Sasa chanjo. Mwenye mvumo anayekula na kutembea vizuri huchanjwa kama wenzake. Anayehema kwa shida hutibiwa kwanza, kisha hupangiwa tarehe, na anayeamua hilo ni daktari aliyempima, si mwenye mbwa. Kadi iwe na jina la mmiliki, maelezo ya mbwa, tarehe, namba ya toleo la chanjo, saini na mhuri. Kagueni kabla hamjaondoka. Hapa Tanzania, Sheria ya Veterinari ya 2003 hairuhusu asiyesajiliwa kutoa huduma hii. Anayepita nyumba kwa nyumba na sindano mfukoni anavunja sheria, na kadi yake hatuitambui.

Mbwa aking'ata mtu, hata mwenye kadi, msimuue. Hufungiwa na kuangaliwa siku 10, na aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, aende hospitali siku hiyohiyo. "Wangu hatoki getini" si sababu ya kutomchanja. Paka na mbwa wa mtaani hawapigi hodi.

Wenye moyo waleteni asubuhi kabla jua halijawa kali, wakiwa na mkanda wa kifuani badala ya kola, pamoja na daftari la pumzi.