Bawa kwanza, injini baadaye: kujifunza paramota kando ya Ziwa Victoria

Vijana wanaonipigia simu kutoka Mwanza, Sengerema, hata Musoma, karibu wote huanza na swali la bei ya mashine. Nawaelewa. Wameona paramota, yaani bawa la kitambaa linalosukumwa na injini ya mgongoni mwa rubani, ikipita juu ya ziwa, wamesikia mlio wa injini, na moyo umeshikwa na injini. Mimi huwaambia wasinunue injini bado. Waanze na bawa, yaani kile kitambaa na kamba zake, uwanjani, miguu ikiwa chini.

Mchezo wenyewe ulianza hivyohivyo. Mwaka 1978 kule Mieussy, Ufaransa, waruka parachuti walitandaza parachuti zao juu ya mteremko, wakakimbia kushuka mpaka miguu ikaacha ardhi. Injini ya mgongoni ilifuata baadaye, na mpaka leo kazi yake ni kusukuma tu. Kinachokubeba ni bawa. Injini ikizimika angani huanguki kama jiwe: paramota inageuka paraglaida, yaani bawa lisilo na injini, na unashuka taratibu, ilimradi mikono yako inajua la kufanya. Hapo ndipo tofauti ya mwanafunzi aliyeiva na asiyeiva inapoonekana.

Mazoezi ya chini nayafanyia kwenye nyanda za kuelekea Magu, mbali na mawe, upepo ukiwa wa kilomita 12 hadi 18 kwa saa. Mwanafunzi anasimama akilitazama bawa lake, mgongo umeupa upepo. Anashika mikanda ya mbele, ile inayobeba kamba za ukingo wa mbele wa bawa, anarudi nyuma hatua moja, bawa linajaa hewa na kupanda. Kazi inaanza likishafika juu ya kichwa. Likiinamia kushoto, silika ya kila mtu ni kuvuta kulia na kubaki palepale. Ninachotaka ni miguu itangulie: sogea kushoto, ingia chini ya bawa, huku mkono wa kulia ukigusa breki, yaani kamba inayovuta ukingo wa nyuma wa bawa, kidogo tu. Akishazoea namwambia afumbe macho. Hapo anaacha kulitegemea jicho na kuanza kusikiliza mkanda wa kiunoni, maana bawa hukuvuta upande fulani kabla hujaliona likiinama. Mvuvi aliyekulia kwenye mtumbwi wa tanga hulishika somo hili haraka kuliko mwendesha bodaboda mwenye kifua, kwa sababu mkono wake tayari unajua upepo una uzito.

Wengi huchoka hatua hii. Jua kali, jasho, kamba zimesokotana kwenye miiba, na bado hujaruka. Nawasihi wavumilie, kwa sababu sijaona njia nyingine inayomjenga rubani.

Ziwa lenyewe ni somo la pili, tena kubwa. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, na upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana mambo yanageuka: ardhi na majabali yetu yanapata moto, hewa juu yake inapanda, na upepo unaingia kutoka ziwani. Sasa tazama mtego ulipo. Alfajiri ndiyo saa ambayo hewa imetulia na inamfaa mwanafunzi, lakini ndiyo saa hiyohiyo upepo unasukuma kila kitu kuelekea majini. Kati ya Juni na Septemba pepo za kusini-mashariki huuongezea nguvu.

Tupige hesabu. Bawa la mwanafunzi linakwenda takriban kilomita 38 kwa saa. Injini ikizimika, ukiwa umeibeba mgongoni, kila mita 1 unayoshuka unasogea mbele kama mita 6. Kutoka mita 300 juu unaweza kufika kilomita 1.8 hewa ikiwa tulivu. Upepo wa kilomita 19 kwa saa ukikupiga usoni, unafika mita 900 tu. Aliyekuwa kilomita moja ndani ya ziwa haufikii ufukwe. Na kutua majini na paramota ni hatari kuliko watu wanavyodhani: mashine ina kilo 25 au zaidi, kamba zinakuzunguka, na sponji ya kiti inaweza kukuelekeza uso chini hata ukiwa umevaa jaketi okozi. Kwa hiyo mwanafunzi wangu havuki mstari wa ufukwe. Anaruka juu ya nchi kavu, na macho yake daima yana mahali pa kutua. Msimu wa mvua majaruba ya mpunga yaliyojaa maji nayahesabu kuwa ziwa.

Radi ni jambo la kuamua haraka. Mawingu ya dhoruba hujijenga juu ya ziwa usiku na mara nyingi bado yapo asubuhi. Upepo unaotoka chini yake unaweza kukufikia kabla ya tone la mvua. Ukiliona wingu jeusi upande wa ziwa, hata kama uliko kunawaka jua, funga mabegi.

Injini inapoingia, kuna mambo yanayowashangaza hata walio wazuri uwanjani. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 10. Injini inapungukiwa nguvu, na lazima ukimbie kwa kasi zaidi kabla bawa halijakubeba. Video za watu wanaoruka ufukweni mwa bahari kwa hatua tano zisikudanganye. Endelea kukimbia hata unapojisikia umeinuliwa. Anayekaa kitini mapema hurudi chini na propela inagonga ardhi. Ukishapanda, acha breki ziwe nyepesi. Resi kubwa pamoja na breki nzito hulifanya bawa lipoteze mwendo, na chini hapo hakuna nafasi ya kulirudisha. Ukianza kubembea kushoto na kulia, usipigane na breki: punguza resi taratibu, bawa litatulia lenyewe.

Kabla ya yote hayo, taratibu za anga. Uwanja wa ndege wa Mwanza uko Ilemela, kando kabisa ya ziwa, na ndege hupita chini zikija kutua. Ruhusa hutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa, sipiti juu yake.

Baada ya hapo ndipo watu huulizia hewa ya mchana, ile inayowapandisha mwewe na korongo bila kupiga bawa. Juu ya majabali yetu hewa hiyo hupanda kwa mkiki, na nyuma ya jabali upepo huvurugika vibaya. Mwanafunzi anayetumia bawa la daraja A, lile linalojifungua lenyewe likikunjika, simruhusu kukaa angani baada ya saa nne asubuhi. Anayetaka kweli kujifunza kupanda bila injini namshauri asafiri hadi Iten, Kenya, kwenye ukingo wa Bonde la Kerio, akae na mwalimu anayelijua bonde lile, na aende na bawa lake lilelile la daraja A.