Krosova ndogo ni gari la namna gani, na linafaa kwa kiasi gani?

Egesha krosova ndogo kando ya hechibaki ya kampuni ileile, yaani lile gari fupi lisilo na mkia ambalo mlango wake wa nyuma hufunguka pamoja na kioo. Kisha chutama uchungulie uvunguni. Mara nyingi utakuta mambo yaleyale: injini ileile, ekseli ya nyuma ya aina ileile, hata mabomba ya breki yamepitishwa njia moja. Tofauti iko juu. Krosova imenyanyuliwa sentimita chache, paa limepandishwa, viti vimeinuliwa, na plastiki nyeusi imezungushwa kwenye matao ya magurudumu ili ipate sura ya gari la porini.

Hiyo ndiyo maana ya neno lenyewe. Krosova ni gari la kawaida la abiria lililovishwa umbo la SUV, yaani lile gari refu kwenda juu lenye sura ya kwenda porini. SUV ya asili ilijengwa kama lori: chini kuna fremu ya chuma mfano wa ngazi, injini na ekseli zimefungwa humo, halafu bodi ikakalishwa juu kwa boliti. Krosova haina fremu ya namna hiyo. Bodi yake ndiyo mifupa yake. Toyota RAV4, iliyotoka 1994, ni miongoni mwa magari yaliyoueneza mtindo huu duniani. Ukitaka kuona kwamba si suala la ukubwa, tazama Suzuki Jimny. Ni kafupi, hakafiki mita 4, lakini kana fremu ya ngazi na gia ya nguvu ya kupandia milima, kwa hiyo si krosova hata kidogo. Kuna krosova zenye urefu wa mita 5 ambazo Jimny ingezivuta kutoka matopeni.

Neno “ndogo” lina utata zaidi. Kwa kawaida huzungumziwa gari lenye urefu wa kati ya mita 4 na mita 4.4 hivi, lililojengwa juu ya msingi wa hechibaki ndogo. Ulaya huliita SUV ya daraja B. Marekani jina la krosova ndogo hutumiwa na wauzaji na waandishi wa magari, lakini halimo katika madaraja rasmi ya serikali, kwa sababu huko magari ya saluni hupangwa kwa ujazo wa ndani ilhali SUV hupangwa kwa uzito. India mpaka umewekwa na kodi: gari lisilozidi mita 4, likiwa na injini ndogo, hutozwa kidogo. Ndiyo maana utakuta krosova nyingi zinazouzwa huko zina urefu wa milimita 3,995 kamili. Mhandisi alipimiwa kwa rula ya mtoza ushuru. Toyota Raize ya Japani nayo ina milimita 3,995, na upana wake wa 1,695 uko milimita 5 chini ya kikomo cha daraja la magari madogo nchini humo. Upande wa pili, Chevrolet Trax iliyoingia sokoni kama gari la mwaka 2024 ina zaidi ya mita 4.5 na bado watu huiweka kundi hilohilo, kwa kuwa bei yake ni ya chini. Basi jina lisikutoshe. Uliza vipimo.

Kipimo ambacho kila muuzaji atakuimbia ni lita za buti, yaani sehemu ya mizigo ya nyuma, na hapa ndipo wanunuzi wengi hupotezwa bila mtu yeyote kusema uongo. Kuna njia zaidi ya moja ya kupima. Inayotumika sana Ulaya hujaza buti kwa vibao vigumu vya sentimita 20 kwa 10 kwa 5, kila kimoja kikiwa lita moja, kisha vikahesabiwa vile vilivyoingia. Pembe ambayo kibao hakiingii haihesabiwi. Tena kwa kawaida vibao huishia usawa wa mgongo wa kiti, havifiki darini. Marekani hutumia utaratibu tofauti ambao matokeo yake huwa makubwa zaidi. Nissan Kicks ya kwanza ilitangazwa Brazil kuwa na buti la lita 432. Gari hilohilo lilipoingia Marekani liliandikwa futi za ujazo 25.3, ambazo ni lita zaidi ya 700. Buti halikukua lilipovuka bahari. Kwa hiyo ukilinganisha krosova mbili, hakikisha namba zimetoka kwenye kipimo kimoja, la sivyo unalinganisha kibaba na pishi.

Hata kipimo kikiwa kimoja, lita hazikuelezi umbo. Krosova nyingi zimeinamishiwa kioo cha nyuma ili zionekane za kispoti, na mteremko huo hula nafasi ya juu. Matao ya magurudumu huingia ndani na kuubana upana. Halafu kuna kizingiti cha buti, yaani ule ukingo unaopaswa kuunyanyulia mzigo kabla haujaingia. Gari likiinuliwa, kizingiti nacho huinuka. Mtu anayebeba ndoo ya rangi au kigari cha mtoto kila siku atakijua kizingiti hicho kwa mgongo wake. Mimi naona hili ni kosa lisilozungumzwa vya kutosha: tunaambiwa krosova ni rahisi kupakia kwa sababu ni ndefu kwenda juu, ilhali hechibaki ya chini mara nyingi hupakika kwa urahisi zaidi.

Mfano mzuri ni Honda HR-V iliyouzwa Marekani kuanzia 2015 na dada yake Honda Fit, ambayo ni hechibaki. Msingi mmoja, na ujanja mmoja: tangi la mafuta limewekwa chini ya viti vya mbele badala ya vya nyuma, hivyo kalio la kiti cha nyuma huweza kukunjwa juu na kuacha shimo refu hadi sakafuni, la kusimamishia mche au televisheni. Ukilaza viti vya nyuma, Fit ilikuwa na lita 1,490 hivi, na HR-V lita 1,665 hivi. Wanunuzi waliipanda HR-V wakidhani wamehamia dunia nyingine ya mizigo, kumbe ziada ni lita 175, sawa na masanduku mawili makubwa ya safari. Si haba, lakini si dunia nyingine.

Basi faida ya kweli ya krosova ndogo iko wapi? Kwa maoni yangu iko kwenye mlango na kiti. Kiti cha gari la chini hukulazimu kujidondosha ndani na kujivuta unapotoka. Kiti cha SUV kubwa hukulazimu kupanda. Cha krosova ndogo kiko karibu na usawa wa nyonga: unageuka, unaketi, unaingiza miguu. Kwa mwenye magoti mabovu, mjamzito, mzee, au anayemfunga mtoto mikanda mara nne kwa siku, jambo hilo peke yake linaweza kuhalalisha gari zima. Na kwa kuwa abiria wanaketi wima zaidi, miguu yao haihitaji nafasi kubwa kwenda mbele. Ndiyo maana gari la mita 4 linaweza kumweka mtu mzima nyuma bila magoti kugusa kiti cha dereva.

Sharti moja: lijaribu mwenyewe. Rekebisha kiti cha dereva kikufae, shuka, kisha kaa nyuma yake hasa. Ukiwa na mtoto mchanga, nenda na kiti chake. Viti vya watoto wachanga hutazama nyuma na huchukua urefu kuliko watu wanavyofikiri. Katika magari mengi ya daraja hili, kikishafungwa nyuma ya abiria wa mbele, huyo wa mbele hulazimika kusogea mpaka magoti yaguse dashibodi. Angalia pia vishikizo vya ISOFIX, yaani vile vyuma vya kufungia kiti cha mtoto bila mkanda, vipo viti vingapi, kwani kwa kawaida ni viwili vya pembeni. Nafasi ya tano, ile ya katikati, ipo kwenye karatasi kuliko ilivyo kwenye mwili wa binadamu.

Kuna kipimo kingine ambacho karibu hakuna anayekiuliza, nacho ni uzito unaoruhusiwa kubebwa. Chukua uzito wa juu kabisa ambao gari limeidhinishwa kuwa nao likiwa limepakia, toa uzito wake likiwa tupu. Tuseme ni kilo 1,650 toa kilo 1,200. Zimebaki 450. Wapandishe watu wazima watano wa kilo 75, umekwisha kutumia 375. Mizigo ya wote watano imebakiwa na kilo 75, pamoja na chochote kilichofungwa darini. Buti linaweza kuwa na nafasi bado, lakini gari limeshiba. Na dari lenyewe lina kikomo chake, mara nyingi kilo 50 hadi 75, na keria inahesabiwa humohumo. Kipimo hiki utakipata kwenye kitabu cha gari, au kwenye kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango katika masoko mengi. Tembo mwembamba bado ni tembo, lakini krosova ndogo si tembo: breki zake, tairi na springi ni za ukoo wa hechibaki.

Jambo hilo linatuleta uvunguni tena. Krosova ndogo huwa na sentimita 16 hadi 21 kutoka ardhini. Hizo zinasaidia kwenye matuta, kingo za barabara na njia ya vumbi iliyochimbika kidogo. Lakini jaza watu watano na springi zinashuka, hivyo sehemu ya ile faida uliyoilipia inapotea hasa siku unapoihitaji. Bampa la mbele likichomoza sana au likishuka chini, litagusa kabla ya tumbo. Kwa hiyo tazama pembe ya kuingilia, yaani mwinuko ambao gari linaweza kuukabili bila bampa hilo kugusa, usitazame sentimita peke yake.

Magurudumu manne? Nyingi za bei nafuu huvutwa na magurudumu ya mbele tu, na baadhi hazina toleo jingine kabisa. Zile zenye mfumo wa yote manne kwa kawaida huendeshwa na ya mbele mpaka yateleze, ndipo klachi fulani ipeleke nguvu nyuma. Ni msaada mzuri kwenye theluji nyepesi, nyasi mbichi na mteremko wenye utelezi. Hazina gia ya nguvu, kwa hiyo matope ya magotini bado ni ya magari mengine. Mfumo huo huongeza uzito na mafuta, na wakati mwingine hunyang’anya buti kina chake. Kama barabara zako ni kavu, fedha hiyo ingenunua tairi bora, na tairi bora hufunga breki vizuri kila siku ya mwaka.

Kuhusu mafuta hakuna miujiza. Gari lililo refu kwenda juu husukuma hewa nyingi zaidi, na hewa hiyo hudai mafuta kadiri mwendo unavyoongezeka. Mjini tofauti na hechibaki inaweza isionekane. Kwenye barabara kuu itaonekana. Injini nyingi za siku hizi ni za silinda tatu zenye taabo (turbo, kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi), na cc 1,000 au 1,200 hivi. Zikiwa na mtu mmoja hukimbia vizuri, lakini zikipanda mlima na familia nzima taabo hufanya kazi muda wote, na namba ya matumizi iliyoandikwa kwenye tangazo hubaki kuwa ya kwenye tangazo.

Neno “nafuu” nalo lichunguzwe toleo kwa toleo. Bei ya tangazo ni ya toleo la chini, ambalo pengine kiti cha nyuma hulala chote kwa mkupuo badala ya vipande viwili. Hapo huwezi kubeba ngazi na mtoto kwa wakati mmoja. Pengine waipa ya nyuma imeondolewa. Inua kapeti la buti uone kama kuna tairi la akiba au chupa ya gundi na pampu tu. Buti zilizosifiwa kwa kina mara nyingi zimepata kina hicho kwa kulifukuza tairi. Toleo la juu nalo lina mtego wake: rimu za inchi 18 zenye tairi nyembamba. Zinapendeza, zinagonga kwenye mashimo, na siku ya kubadilisha tairi nne utaikumbuka rimu ya inchi 16. Ningependa kuona watu wakichukua toleo la kati lenye rimu ndogo, lakini vyumba vya maonyesho huweka mbele lile linalong’aa.

Ukienda kuliona gari, nenda na vitu vyako. Si mfano wa vitu, vyenyewe: kigari cha mtoto, baiskeli, sanduku kubwa kuliko yote uliyonayo, kiti cha magurudumu cha mama. Muuzaji atakutazama kwa mshangao, mwache. Kisha muulize kama ana hechibaki iliyojengwa juu ya msingi uleule, upakie humo pia, na umwombe bei zote mbili kwenye karatasi moja.