Sufu mbichi: tunayoambiana, na yaliyo kweli

"Maji ya moto yanaharibu sufu."

Hii ndio imefanya sufu nyingi mbichi, yaani zilizotoka kukatwa kwa kondoo na kuoshwa nyumbani, zibaki zinanata. Mtu aliwahi kufua sweta likatoka saizi ya mtoto, basi tangu hapo anaogopa moto, kumbe moto peke yake haufanyi sufu ishikamane na kusinyaa. Kila unywele una magamba madogo madogo, na hayo magamba yanashikana pale unapokoroga, unapofikicha, au unapoitoa kwenye maji ya moto ukaitumbukiza ghafla kwenye ya baridi. Ukiilaza tu kwenye maji ya nyuzi joto 60 bila kuichezea inatulia zake. Na huo moto unauhitaji kweli, maana mafuta ya kondoo, lanolini, ni aina ya nta, yanaanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 40 hivi, sasa ukiosha na maji ya uvuguvugu unatoa jasho na vumbi tu.

Kwa hiyo jaza beseni maji ambayo mkono hauvumilii bila glavu, weka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ndio ushushe sufu ikiwa ndani ya neti (maji hayamwagwi juu ya sufu, sufu ndio inafuata maji), bonyeza taratibu izame, iache dakika 15 mpaka 20 halafu itoe yakiwa bado moto. Hapo kwenye kutoa ndio watu wanaharibu, wanaenda kupika chai, wakirudi maji yamepoa na mafuta yamerudi kukaa kwenye sufu. Ikiwa imelowa hujui kitu, inaonekana safi kabisa, ila ikikauka ncha za vishungi (vile vifungu vidogo vya sufu) zimeshikana, zina unjano, vidole vinanata na brashi za kuchania zinaziba meno. Rudia tu na moto ule ule, na maji ya kusuuzia yawe na joto karibu sawa.

"Sabuni ni sabuni, na kama haijawa nyeupe weka Jik."

Jamani, hapana. Jik inayeyusha sufu, kwa sababu sufu ni protini kama nywele zako. Zile sabuni za unga zenye vimeng'enya vya kula madoa ya damu na mayai nazo zinaweza kuila, na sabuni ya mche kwenye maji ya kisima yenye chumvi inaacha utando mweupe usiotoka. Maji ya mvua yanafaa sana. Weupe wa karatasi usiutafute, kuna sufu safi kabisa yenye rangi ya maziwa.

"Kondoo yeyote ana sufu."

Kondoo mwekundu wa Kimaasai ana nywele, Dorper ana mchanganyiko unaojipukutisha wenyewe, hawa wote waachie nyama. Sufu ya kusokota Kenya utaipata huko juu kwenye baridi, Molo, Nyandarua, Timau, kwenye kondoo wa aina ya Merino na Corriedale. Na hata hizo hazifanani: Merino inakuwa felti (inagandamana kama kitambaa kizito) haraka sana, ya kondoo aina ya Hampshire Down inagoma kugandamana hata ukiisugua mchana kutwa, ila kujazia mito ni tamu.

"Ikichanwa vizuri itakaa sawa."

Kuchana hakuponyi sufu dhaifu. Kabla hujanunua chomoa kishungi kimoja, shika ncha zote mbili, kisogeze sikioni ukivute kwa nguvu ya ghafla. Kikilia kama uzi wa gitaa ni kizima, ukisikia inatatarika au ikakatikia mahali pamoja, ujue kondoo aliugua au alikosa malisho wakati sufu inaota, ukame unafanya hivyo sana, na sufu hiyo kwenye brashi itatoa vipira vipira tu. Vile vipande vifupi mkasi ulipopita mara ya pili navyo vitoe, pamoja na sehemu za mkiani zenye mavi. Muuzaji atanuna lakini mnapima kilo, na kilo 3 chafu zinaweza kubaki moja na nusu baada ya kuosha, kwa hiyo bei ongeeni mapema.

"Nitaiweka tu kwenye mfuko wa plastiki, nitaosha nikipata nafasi."

Plastiki inafungia unyevu na sufu inaoza, lanolini inazidi kuwa ngumu kutoka kadiri inavyokaa, na viwavi vya nondo wanapenda sufu yenye jasho na uchafu kuliko iliyooshwa. Ioshe kwanza, ianike kivulini mpaka ikauke kabisa, ndio uifunge.