Kupanga safu zilizo ndani ya safu kwenye PHP: dhana potofu na ukweli

Katika lugha ya programu ya PHP, safu (array) ni orodha ya thamani, kila moja ikiwa na ufunguo wake. Chukua `$bidhaa`, safu yenye rekodi tatu, kila rekodi ni safu yenye `jina` kisha `bei`: unga 2200, mchele 3400, sukari 3000.

Dhana: `sort($bidhaa)` itapanga kwa bei.
PHP haijui kwamba unataka bei. Inapolinganisha safu mbili huhesabu kwanza vipengele vyake, na yenye vichache hutangulia. Zikiwa sawa kwa idadi, ndipo inalinganisha thamani, ufunguo mmoja baada ya mwingine. Hapa `jina` liko mbele, kwa hiyo utapata mchele, sukari, unga. Ukiongeza `punguzo` kwenye rekodi ya mchele peke yake, mchele unasukumwa mwisho, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Taja mwenyewe kigezo cha kupangia:

`usort($bidhaa, fn($a, $b) => $a['bei'] <=> $b['bei']);`

Ukitaka bei kubwa ianze, badilishana `$a` na `$b`. Usiandike `$bidhaa = usort(...)`, maana fanksheni hii hurudisha `true` na orodha yako yote itapotea. Na kama funguo za nje ni namba za bidhaa unazozihitaji baadaye, tumia `uasort`. `Usort` huzifuta na kuanza upya kutoka 0.

Dhana: ndani ya `usort`, kutoa bei moja kwa nyingine kunatosha.
Kwa namba kamili, sawa. Kwa desimali, hapana: 2.5 kutoa 2.1 ni 0.4, na PHP hugeuza jibu hilo kuwa namba kamili, yaani 0. Bei mbili tofauti zinahesabiwa kuwa sawa. Alama `<=>`, inayolinganisha thamani mbili na iliyopo tangu PHP 7.0, haina tatizo hilo.

Dhana: ukipanga safu ya nje, za ndani nazo zimepangika.
Hazijaguswa. Tuseme `$makundi` ni safu yenye orodha kadhaa ndani yake. Hata ukizipitia kwa `foreach ($makundi as $orodha)` na kuziita `sort($orodha)`, unapanga nakala tu. Andika `foreach ($makundi as $k => $orodha)`, kisha `sort($makundi[$k])`.

Dhana: kuweka `&` ndani ya `foreach` ni njia ya mkato isiyo na madhara.
Alama hiyo hukupa kipengele chenyewe badala ya nakala. Hili ndilo linaloumiza wengi, kwa sababu kosa huonekana mbali na lilikoanzia. Baada ya `foreach ($bidhaa as &$b)` kwisha, `$b` bado imefungwa kwenye nafasi ya tatu, yaani ya sukari kwa mpangilio wa mwanzo. Kitanzi kingine, `foreach ($bidhaa as $b)`, kinaandika unga kwenye nafasi hiyo, halafu mchele juu yake. Kikifika zamu ya tatu kinasoma mchele. Sukari imetoweka na mchele uko mara mbili. Weka `unset($b);`, inayovunja kifungo hicho, mara tu baada ya kitanzi cha kwanza, kwenye mstari unaofuata mabano ya kufungia.