Diplomasia ya mitandaoni maana yake nini?

Ni pale rais, waziri wa mambo ya nje au ubalozi unapotumia X (zamani Twitter), Facebook na mitandao mingine kusema na serikali ya nchi nyingine, au kuiruka serikali hiyo na kusema na raia wake moja kwa moja.

Kwa desturi dola huandikiana. Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia, kifungu cha 41, unataka shughuli rasmi za ubalozi zipitie wizara ya mambo ya nje ya nchi mwenyeji. Waraka hupita mikononi mwa maofisa kadhaa kabla ya kupigwa muhuri, na neno lililoteleza hukamatwa humo. Posti haina kituo hicho. Mtu hubonyeza mara moja, na sisi tuliokaa barazani Lamu tunaisoma dakika ile ile na waziri anayeambiwa.

Tarehe 14 Septemba 2022, siku moja baada ya kuapishwa, Rais William Ruto alikutana na waziri wa mambo ya nje wa Moroko, kisha akaandika Twitter kwamba Kenya haitambui tena Jamhuri ya Sahrawi, ile inayodai Sahara Magharibi, eneo ambalo Moroko inasema ni lake. Posti ikafutwa, lakini skrinishoti zilikwisha kusambaa. Baadaye waraka wa wizara ukasema msimamo ni ule ule, na kwamba Kenya haiendeshi sera yake ya nje kwenye Twitter. Wizara ilikuwa sahihi kwa utaratibu. Ila kwa nchi inayotajwa, neno la rais ni neno la rais popote atakapoliandika.

Lugha nayo huwasha moto. Agosti 2018 Kanada iliitaka Saudia, kwenye Twitter, iwaachie wanaharakati. Ubalozi wa Kanada huko Saudia ukarudia kwa Kiarabu. Lawama ikawafikia raia wa Saudia kwa lugha yao wenyewe. Balozi wa Kanada akafukuzwa, biashara mpya ikasitishwa.

Huku kwetu uchungu huja na tahadhari za safari, yaani ilani za serikali za nje kuwaonya raia wao wasiende mahali fulani. Ile ya Uingereza kwa miaka imetaja Kaunti ya Lamu, kisha ikasema onyo halihusu visiwa vya Lamu na Manda. Skrinishoti ikikatwa kabla ya hapo, mgeni huvunja safari na nahodha hubaki na mashua imefungwa gatini. Kwa hiyo usisambaze picha: fungua ukurasa wa serikali iliyoitoa, angalia tarehe na ramani, kisha tafuta sentensi yenye "isipokuwa".