Leng zai: hawajasema wewe ni hendsam

Jamani hii ya kurudi kutoka Guangzhou, China, na kuhadithia "yani soko zima walikuwa wananiita hendsam" nimeisikia mara nyingi mno, ngoja niiseme tu. Neno lenyewe wanaloitwa ni leng zai, ni Kikantoni, lugha ya Guangzhou, Hong Kong na Macau, na kweli kwa maana ya neno ni kijana mzuri, mwanamke ni leng neui. Ila sokoni ni namna ya kumwita mtu usiyemjua jina, kama vile Kariakoo unavyoitwa bosi na hata kibanda huna. Limezoeleka mpaka kwenye migahawa ya Hong Kong mhudumu akiita leng zai huko jikoni anaagiza wali mweupe, na leng neui ni uji mweupe wa mchele.

Sasa tulichambue. Leng, herufi yake kwenye Kichina cha kale ilikuwa ya kujipamba, kujipaka poda. Zai ni mtoto wa kiume, halafu likatanuka likawa linabandikwa kwa chochote kidogo au kichanga: gau ni mbwa, gau zai ni mtoto wa mbwa, na hao hao gau zai ndo mapaparazi wanaokimbiza mastaa. Da gung zai ni kijana wa kuajiriwa. Kwaiyo ndani ya zai kuna udogo, unaweza kuwa wa upendo unaweza kuwa wa dharau, inategemea anayesema ni nani.

Na hapa ndo panaponiuma, toni. Kikantoni kina toni sita, yani sauti ikipanda au ikishuka maana inabadilika, na watu wanaandika leng zai kwa herufi zetu bila toni wakidhani ni neno moja, kumbe ni mawili. Leng ya sauti ya katikati ndo yenye maana ya uzuri. Ukiipandisha juu linakuwa neno lingine kabisa na herufi yake nyingine, maana yake kidogo hivi, katoto kasikojua kitu, Hong Kong wanawaita hivyo hata vijana wa chini kwenye magenge. Sasa mwite hivyo mtu mzima mwenye duka lake uone atakavyokuangalia.

Mwenye duka mwite lou baan, dereva au fundi ni si fu. Mama wa makamo mwite leng neui tu, si naai achana nalo, zamani lilikuwa la heshima kwa mke wa mtu, siku hizi anasikia umemwambia hajitunzi tena. Na kijana ukimwita leng zai, hiyo leng iache hapo katikati, usiipandishe.